Ankara ya Makadirio: Uniti Zile Zimetoka Wapi?

Kila ankara za maji zinapotoka, dawati la huduma kwa wateja hupokea lalamiko lilelile: "Hakuna aliyekuja kusoma dira, mbona nimeandikiwa uniti 19?" Uniti hizo zimekokotolewa, na mwenye ankara zake za nyuma anaweza kuzikokotoa mwenyewe.

Tuseme dira ilisoma 412 tarehe 3 Machi na 430 tarehe 2 Aprili. Hizo ni uniti 18 kwa siku 30, sawa na 0.6 kwa siku, yaani lita 600, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Tarehe 4 Mei msoma dira anakuta geti limefungwa. Zimepita siku 32, 0.6 mara 32 ni 19.2. Inaandikwa 19, na dira inakadiriwa kuwa 449. Ni mstari ulionyooka kupitia nukta mbili zilizosomwa, ukarefushwa hadi siku ambayo haikusomwa.

Mstari huo haujui kwamba ulisafiri. Haujui kwamba mpangaji kahama wala kwamba mtaa ulikuwa kwenye mgao wiki nzima. Kwake kila siku ni lita 600. Na kadiri unavyorefushwa ndivyo kosa linavyokua. Ikiwa tarehe 3 Juni dira inasoma 455, matumizi halisi ya siku 62 ni uniti 25. Kama Juni nayo ingekadiriwa, mstari ungefika 467, uniti 12 zaidi ya ukweli. Kwa hiyo makadirio ya mwezi mmoja yanavumilika. Yakiwa ya miezi mitatu mfululizo, dai dira isomwe.

Kukadiria kwa kutegemea usomaji wa muda mfupi nako kunapotosha. Msoma dira huandika tarakimu nyeusi tu, nyekundu ni vipande vya uniti. Kukosea uniti 1 kwenye 18 ni zaidi ya asilimia 5. Kwenye 54 za miezi mitatu haifiki asilimia 2. Ndiyo maana ni bora kukadiria kwa usomaji wa siku 90 kuliko wa mwezi mmoja.

Sasa lalamiko jingine, la "tumeibiwa". Dira ikisomwa 455, ankara ya Juni ni 455 kutoa 449, uniti 6. Ulilipia 19, sasa 6, jumla 25. Ikisomwa 445, uniti 4 zinabaki kama salio lako. Lakini ikisomwa 490, utaandikiwa 41 kwa mkupuo, na hapo ndipo simu huanza kupigwa. Palipo na bei za madaraja, yaani bei ya uniti inayopanda kadiri unavyotumia zaidi, omba uniti hizo zigawanywe kwa siku zote 62, la sivyo zinaweza kukupandisha daraja bila sababu. Kisha funga mabomba yote utazame kigurudumu kidogo cha dira. Kikizunguka, maji yanavuja upande wako. Tangi la choo linalovujisha lita 1 kwa dakika humaliza uniti 43 kwa siku 30.

Kuepuka makadirio, piga picha inayoonyesha tarakimu na namba ya dira, uitume kwa mamlaka yako ya maji siku ya usomaji pamoja na namba ya akaunti. Lalamiko liandikwe, liambatane na picha hiyo na ankara mbili za mwisho, lianzie kwa mamlaka yenyewe. Usiporidhika ndipo uende EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji Tanzania. Kwenda EWURA moja kwa moja ni kujichelewesha, utarudishwa.

Kukata lakiri, kugeuza dira au kuiruka kwa bomba la pembeni ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. "Nilikuwa napinga makadirio" si utetezi. Dira iliyofukiwa na kifusi ifukuliwe, na mbwa afungwe siku ya usomaji.