Je, wajua kwa nini usukani wa Land Cruiser hutikisika baada ya gari kunyanyuliwa?

Gari limetoka gereji likiwa juu juu, springi mpya, tairi za inchi 33. Wiki haijaisha, liko kwenye lami linakaribia kijiji, linavuka rasta, yale matuta madogo ya lami, kwa kilomita 70 kwa saa, na usukani unaanza kuruka kulia na kushoto mikononi mwa dereva. Hautulii mpaka mwendo ushuke hadi 40 hivi. Kabla ya kunyanyuliwa halikuwa na tatizo hilo. Sentimita 5 za kimo zimefanya nini?

Tuchukue Land Cruiser yenye springi za koili mbele na ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu mawili ya mbele: 80 Series ya miaka ya 1990, au 78 na 79 za kuanzia 1999, zile zinazobeba watalii kila siku kutoka Arusha. Ekseli hiyo imeshikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chesisi na kuja mbele. Kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bolti mbili, kwa hiyo ukiinama, ekseli inazunguka nao. Ukiweka springi ndefu, chesisi hupanda na kubeba ncha ya nyuma ya mkono, huku ncha ya mbele ikibaki chini. Mkono wa mita 1 ukiinuliwa sentimita 5 upande mmoja huzunguka karibu digrii 3.

Ni digrii chache, lakini zinatoka pabaya. Mhimili ambao gurudumu linageukia haukusimama wima. Kwa juu umelala nyuma kidogo, kama uma wa mbele wa baiskeli. Mafundi wa alaimenti huuita mlalo huo kasta, na ndio unaofanya usukani urudi katikati wenyewe ukitoka kwenye kona. Kiwandani 80 Series hupewa takriban digrii 3 tu. Ukiinyanyua bila kurekebisha chochote, karibu zote zimeliwa.

Hata hivyo, kasta ndogo peke yake hulifanya gari litangetange tu barabarani. Ili usukani uruke kwa fujo, lazima pawe na kitu kilicholegea. Hapo ndipo mafundi wengi hupotea: hufunga dampa mpya ya usukani, ile shokomzoba ndogo inayotuliza usukani, mteja anafurahi mwezi mmoja, kisha mtikisiko unarudi. Dampa humeza mtikisiko, haikazi bolti.

Anza kwa kuuliza mtikisiko unatokea lini. Ukija taratibu kati ya 80 na 100 hata kwenye lami laini, kisha ukapungua mwendo ukizidi, shuku balansi ya tairi au tope lililoganda ndani ya rimu. Hamishia tairi za mbele nyuma uone kama mtikisiko utahama nazo. Ukiusikia kwenye kiti na sakafu kuliko mikononi, tazama shafti ya propela, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye ekseli. Kwa kilomita 80 kwa saa, tairi ya inchi 33 huzunguka mara 8 na nusu hivi kwa sekunde, lakini shafti, kwa difu ya 4.1 (shafti huzunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi), huzunguka mara 35. Kwa hiyo tairi hutikisa, shafti huvuma. Pembe za viungo vyake zimebadilika gari lilipopanda. Kwenye 79 yenye loki za magurudumu ya mbele, fungua loki na uendeshe kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Mvumo ukiisha, ni shafti ya mbele.

Lakini mtikisiko ukianza ghafla baada ya kugonga rasta au shimo, tafuta ulegevu. Gari liwe chini, lisiwe kwenye jeki, maana uzito ndio unaofichua. Mtu mmoja ageuzegeuze usukani kidogo kidogo, mwingine alale chini akishika kila kiungo kwa mkono. Aanze na fimbo ya Panhard, ile inayoizuia ekseli isiende pembeni. Gari likipanda, fimbo hii husimama kwa pembe kali zaidi na huvuta ekseli upande mmoja. Bushi yake (mpira wa kwenye kiungo) iliyochoka, au bolti iliyokwishapanua tundu lake, sasa inapigwa kuliko zamani. Ukihisi "tak" kwenye vidole kabla ekseli haijasogea, umempata mwizi.

Baada ya hapo inua gurudumu kwa jeki. Shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu, kwa sababu breki imelishika. Ukibaki, ni beringi za kingpini, yaani za ule mhimili ambao gurudumu linageukia, na hizo hata kwa gari la kilomita nyingi ambalo halijanyanyuliwa ningezikagua kwanza.

Ukishatoa ulegevu, ndipo urudishe kasta: bushi ambazo tundu la bolti haliko katikati, au mabamba yanayoshusha ncha za nyuma za mikono. Fundi wa alaimenti akuonyeshe namba ya kasta yenyewe, asikupe jibu la "iko sawa". Na bolti zote zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, mpira unajikunja siku gari linaposhushwa, na unachanika mapema.