Panya tena? Dhana potofu kuhusu jeni za panya na uzee

Kila baada ya miezi michache kundi letu la familia huletewa habari ileile ikiwa imevaa nguo mpya: dawa ya uzee imepatikana. Ukiifungua na kusoma hadi aya ya sita, unamkuta panya. Hapo ndugu hugawanyika. Kuna wanaouliza dawa inauzwa wapi, na kuna wanaocheka, "panya tena!" Kwa maoni yangu wote wamepitiwa, ila kwa sababu tofauti.

Dhana: Panya ni panya, mtu ni mtu

Ramani ya vinasaba vya panya mdogo wa nyumbani ilichapishwa mwaka 2002. Jeni zake zinazotengeneza protini ni kama 20,000, karibu sawa na zetu, na nyingi kati yake zina mwenzake ndani ya mwili wa binadamu. Hata uzee wake tunaufahamu: misuli hunyauka, figo huchoka, jicho hupata mtoto wa jicho, saratani huanza kubisha hodi. Yeye huyapitia hayo yote kwa haraka tu. Panya weusi wa ukoo unaoitwa C57BL/6, ulioanzishwa mwaka 1921 na unaotumika katika maabara nyingi duniani, huishi miaka miwili na nusu hivi. Mtafiti humfuata toka siku ya kuzaliwa hadi ya kufa. Angejaribu hivyo kwa binadamu, angetangulia yeye kaburini.

Wanaocheka wana chembe ya haki, hata hivyo. Panya hawa hufa sana kwa saratani, lakini mishipa yao ya damu haizibi kama yetu wasipobadilishwa jeni. Kwa hiyo panya aliyeishi muda mrefu hakuambii lolote la maana kuhusu kiharusi cha babu yako.

Dhana: Kuna jeni moja ya uzee, ikizimwa basi

Dhana hii ina asili yake. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba panya mbilikimo waitwao Ames, wenye hitilafu katika jeni moja tu, Prop1, huishi muda mrefu sana kuliko ndugu zao wa kawaida. Hitilafu hiyo huwanyima homoni ya ukuaji na nyingine kadhaa. Baadaye panya mwingine, aliyeondolewa kipokezi cha homoni ya ukuaji (sehemu ya seli inayoipokea homoni hiyo), alifika wiki moja tu kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa panya hiyo ni miaka ya Nuhu.

Bei yake ni ipi? Mbilikimo wa Ames huona baridi upesi, na majike wake hawazai. Porini asingemaliza mwezi. Na huko Ecuador wapo watu waliozaliwa na kasoro ya kipokezi kilekile. Watafiti waliowafuatilia kwa miaka mingi waliripoti mwaka 2011 kwamba saratani na kisukari ni nadra mno kwao, lakini hawakuonekana kuishi muda mrefu kuliko jamaa zao. Mwili mwingine, jeni ileile, matokeo nusu.

(Kinachonishangaza ni wale wanaouza sindano za homoni ya ukuaji kama dawa ya kurudisha ujana. Panya waliotengenezwa wawe na homoni hiyo kupita kiasi hufa mapema.)

Dhana: Ukila kidogo, utaishi sana

Hapa ndipo panya ametufundisha kwa undani zaidi. Tangu mwaka 1935, Clive McCay wa Chuo Kikuu cha Cornell alipoonyesha kwamba panya wa jamii kubwa (rat kwa Kiingereza) waliopunguziwa chakula waliishi muda mrefu, jambo hili limechukuliwa kama sheria. Tatizo ni kwamba majaribio mengi yalirudiwa kwa koo chache za maabara. Ndani ya ukoo mmoja wa namna hiyo, panya wote wanafanana kama mapacha. Ni sawa na kumchunguza mtu mmoja mara elfu moja kisha ukatangaza umewajua watu elfu.

Mwaka 2010 watafiti walichukua koo 41 za panya, wakawapunguzia chakula kwa asilimia 40. Koo ambazo maisha yake yalifupika zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo yalirefuka. Kipimo kilekile cha njaa kilikuwa dawa kwa hawa na sumu kwa wale.

Kisha mwaka 2024 Maabara ya Jackson, iliyoko Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, ilitoa matokeo ya panya majike 960 waliozalishwa makusudi wasifanane, kila mmoja na mchanganyiko wake wa jeni. Waliokula walivyotaka waliishi wastani wa miezi 25. Waliofunga siku moja au mbili kwa wiki, 28. Waliopunguziwa asilimia 20, miezi 30, na waliopunguziwa asilimia 40, miezi 34. Wengi waliishia kusoma hapo wakaanza kuruka mlo.

Lakini hiyo ni wastani. Ndani ya kundi moja la lishe, wengine walikufa wakiwa vijana na wengine wakazeeka sana, na jeni zilikuwa na uzito kuliko lishe yenyewe. Zaidi ya hapo, miongoni mwa waliobanwa chakula, waliodumu ni wale ambao uzito wao haukuporomoka. Waliokonda zaidi walitangulia. Kwa hiyo huyo jirani anayejisifu kwamba nguo zote zinampwaya tangu aanze kufunga asiwe na haraka ya kushangilia.

Dhana: Kikimsaidia panya, kimethibitishwa

Mjomba aliniuliza kama aongeze manjano kwenye chai, maana alisoma kwamba inazuia uzee. Nchini Marekani kuna mpango wa kupima dawa kwa panya katika vituo vitatu kwa wakati mmoja: Maine, Michigan na Texas. Kituo kimoja kikibahatisha, vingine viwili vitakisuta. Panya wanaotumika huko ni mchanganyiko wa koo nne. Kiini cha manjano, dondoo la chai ya kijani na resveratroli ya zabibu vyote vilipimwa humo, na maisha hayakurefuka. Nilimjibu: manjano ibaki kwenye mchuzi, mjomba.

Dawa iitwayo rapamisini ilifaulu. Mwaka 2009 iliripotiwa kwamba panya walioanza kuimeza wakiwa na siku 600, sawa na mtu wa miaka kama 60, waliishi zaidi, madume kwa majike. Dawa hiyo lakini ndiyo wanayopewa waliopandikizwa figo ili kinga ya mwili ilegee.

Dhana: Aliyeishi zaidi ndiye mwenye afya

Kuishi zaidi si lazima kuwe kuishi vizuri, ndiyo maana siku hizi watafiti hawahesabu siku za kifo pekee. Panya mzee huwekwa mezani akakaguliwa mambo 31. Je, sharubu zimepukutika? Mkia umekakamaa? Mgongo una kibiongo? Hugonga kidude karibu na sikio kuona kama atashtuka, kisha humshikisha waya na kumvuta polepole, wapime kama bado anang'ang'ania. Kila jibu hupewa sifuri, nusu au moja: alama zikizidi, udhaifu umezidi. Wapo wanaofika uzeeni wakiwa na alama chache, na wapo ndugu zao wa umri uleule ambao waya unawaponyoka.