Risasi za akiba za bunduki ya marisau: zibebwe wapi ili mkono uzipate upesi?

Walinzi wengi wa maghala, mashamba na maduka hapa Tanzania wanalinda kwa bunduki ya marisau, ile tuliyozoea kuiita shotigani. Bunduki yenyewe hutunzwa: inafutwa, inapakwa mafuta, inasainiwa daftarini. Risasi za akiba ndizo zinazosahaulika. Zinatiwa mfuko wa suruali pamoja na funguo na chenji, halafu usiku zikihitajika mkono unapapasa na kuibuka na funguo.

Sisi tunaofundisha matumizi na utunzaji wa silaha tunaulizwa mara kwa mara ni kifaa gani cha kubebea risasi kinamwezesha mtu kujaza haraka. Kifaa kina nafasi yake, lakini hakitangulii. Mkono huwa mwepesi pale risasi zote zinapokuwa za saizi moja na kila moja inapokaa mahali palepale, imeelekea upande uleule, leo na kesho. Mtu asiye na utaratibu huo hata umnunulie mkanda wa bei gani, bado atapapasa.

Nianze na saizi, maana hapo ndipo watu wanapopoteza vidole na macho. Bunduki za marisau hupimwa kwa geji, na namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu la mtutu linavyokuwa dogo. Geji 12 ina tundu la kama milimita 18.5, geji 20 ni kama milimita 15.6. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa kimakosa kwenye bunduki ya geji 12 haikai kwenye chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Inateleza mbele na kukwama pale njia inapoanza kubana. Mlinzi anavuta triga, hakuna kinacholia. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani hakuwa amejaza. Anaweka ya geji 12 kwa nyuma, nayo inaingia vizuri kabisa. Akifyatua, mtutu unapasuka jirani na mkono wake ulioshika mbele.

Ndiyo maana watengenezaji wengi huzipa risasi za geji 20 ganda la njano. Hatua hiyo inasaidia mchana. Gizani na ndani ya mfuko haina msaada wowote. Soma namba iliyogongwa kwenye shaba ya nyuma ya risasi, kuizunguka fataki (kile kiduara cha katikati kinachogongwa ili kuwasha baruti), kabla hujaingia lindo. Risasi isiyo ya bunduki yako isikae kwenye mkanda wako hata kwa dakika moja, hata kama ni ya mwenzako umemshikia tu.

Urefu nao una mtego. Kipimo kinachoandikwa ubavuni mwa ganda, kwa kawaida milimita 70 au 76, ni cha ganda lililokwisha kufyatuliwa, mkunjo wake wa mbele ukiwa umefunguka. Kabla ya hapo risasi ni fupi zaidi. Kwa hiyo ya 76 inaweza kuingia bila taabu kwenye chemba ya 70 na bunduki ikafunga. Ikifyatuliwa, mkunjo unakosa nafasi ya kufunguka sawasawa na shinikizo linapanda kupita kiwango. Usiamini kwamba inafaa kwa sababu tu imeingia. Kwenye bunduki nyingi urefu wa chemba umegongwa kwenye mtutu. Uandikwe daftarini ili kila zamu iujue.

Sasa tuje kwenye kubeba. Kwa walinzi wengi ninapendekeza mkanda wa kiunoni wenye vitanzi. Uzito unakaa kiunoni badala ya kwenye bunduki, na risasi zinaonekana na kuhesabika kwa jicho. Shaba ielekee juu: ukingo wake unazuia risasi isipite kwenye kitanzi na kudondoka, na vidole vinaukamata kirahisi.

Lakini ziwe upande gani? Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanavaa tu kama walivyomkuta mwenzao amevaa. Tuchukue mtu wa mkono wa kulia. Mwenye bunduki ya pampu, ile ya kuvuta na kusukuma kishikio cha mbele, anabaki ameshika kwa mkono wa kulia, kidole kikiwa nje ya triga, na mkono wa kushoto unaachia pampu kwenda kuchukua risasi na kuiingiza kwa chini. Huyo risasi zake zikae kushoto. Mwenye bunduki ya kukunja, ya mtutu mmoja au miwili, anaibeba kwa mkono wa kushoto ikiwa imefunguliwa, na wa kulia ndio unaojaza. Huyo risasi zake zikae kulia. Wa mkono wa kushoto wageuze. Na mlinzi akibadilishiwa bunduki, ahamishe risasi zake kabla hajatoka getini. Katika yote hayo mdomo wa mtutu unaelekea mahali salama muda wote wa kujaza. Haraka ya kujaza inayozungusha mtutu kuelekea miguu ya mwenzako haina thamani yoyote.

Kuna wanaopenda risasi zikae kwenye bunduki yenyewe, ama kwenye kishikio cha lastiki kinachovalishwa kitakoni, ama kwenye kibao kinachofungwa ubavuni. Faida yake ni ya kweli: ukinyanyua bunduki umenyanyua na akiba. Ila risasi moja ya geji 12 ina uzito unaokaribia gramu 50, kwa hiyo sita ni kama gramu 300 za ziada mikononi usiku kucha. Kibao cha ubavuni kikikazwa skrubu kupita kiasi kinaweza kuibana bunduki hadi bolti, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, ikawa nzito au ikakwama, basi baada ya kukifunga vuta pampu mara kadhaa bunduki ikiwa tupu. Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni makabidhiano. Bunduki na risasi zinatakiwa zitunzwe mbalimbali, na bunduki yenye risasi ubavuni huishia kabatini hivyohivyo. Mahali ambapo silaha inapita mikononi mwa watu wengi, mimi sishauri vishikio hivi.

Mkanda wa begani, bandolia, sina mengi ya kuusema. Unabeba nyingi, unayumba ukikimbia, na risasi haikai mahali pamoja. Wapiga shabaha wa mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo wa kulenga shabaha, nao wana vishikio vyao vya mkandani wanavyochomolea risasi mbili au nne kwa mshiko mmoja. Ni ustadi wa kuvutia, wa uwanjani, uliojengwa kwa mazoezi ya miaka. Mlinzi ajifunze kwanza kuingiza moja bila kuiangusha.

Kifaa chenyewe nacho kinachakaa. Lastiki hulegea: geuza mkanda juu chini, utikise, risasi ikianguka, mkanda huo umekwisha. Ngozi inapendeza na inadumu, lakini risasi zikiachwa ndani yake kwa wiki nyingi shaba huota kutu ya kijani, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar hali huwa mbaya zaidi. Risasi yenye kutu inaweza kugoma kuingia, au ikaingia na kukataa kutoka. Baada ya lindo zitoe, zifute kwa kitambaa kikavu, ziwekwe kwenye kisanduku chake.

Zikague ukiwa unazifuta. Mkunjo wa mbele ukianza kufunguka marisau yatamwagika. Ganda likivimba kwa unyevu halitaingia chemba. Fataki ikiwa na kovu la kugongwa, irudishwe kwa mtunza ghala. Risasi zinazokaa muda mrefu ndani ya magazini ya pampu, bomba la kuhifadhia risasi chini ya mtutu, zikisukumwa na springi, huweza kubonyea, kwa hiyo zizungushwe na zile za akiba.

Mazoezi yafanywe kwa risasi bandia zisizo na baruti wala fataki, zenye rangi isiyofanana na za kweli, katika chumba ambacho risasi za kweli hazikuingia kabisa. Mlinzi afumbe macho, achukue moja mkandani, aiingize. Anayeweza hivyo polepole bila kukosea, kasi itamjia yenyewe.

Wakati wa kupokezana zamu hesabuni pamoja, anayetoka na anayeingia, kwa idadi na kwa geji, kisha wote wawili wasaini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inagusa risasi kama inavyogusa bunduki. Ikipungua hata moja, msimamizi na polisi waambiwe siku hiyohiyo. Zilizoharibika zisitupwe jalalani wala zisipasuliwe ili kumwaga baruti. Zikabidhiwe kwa mtunza ghala kwa maandishi, au kituo cha polisi kama hakuna ghala.