Tana Ulihama, Ramani Haikukosea

Mtu wa Tana River akija ofisini kwangu hapa Nairobi na nakala ya ramani ya karne ya 19, swali huwa lilelile: mbona Mto Tana haufiki Kipini, unakoingilia baharini leo? Wengi hudhani mchoraji alikuwa mvivu. La hasha. Wakati ule Tana na Ozi ilikuwa mito miwili. Tana ulimwaga maji kusini zaidi, kwenye ghuba ambayo Waingereza waliiandika Formosa nasi twaiita Ungwana. Ule mfupi, Ozi, ndio ulioishia Kipini. Katikati yao ukachimbwa mfereji kwa mikono, Belezoni, enzi za masultani wa Witu, dola ndogo ya pwani hiyo. Maji hayana adabu: yakaufuata, yakaupanua mafuriko baada ya mafuriko, mpaka Tana wenyewe ukahamia humo na Kipini ukawa mdomo wake.

Ndiyo maana sitegemei karatasi moja. Michoro ya ndugu wawili Wajerumani, akina Denhardt, waliopanda Tana 1878, naitandaza kando ya ramani za Waingereza, waliopata Witu kwa mkataba wa 1890. Juu yake naweka ramani za kipimo cha 1:50,000 zinazouzwa na idara ya upimaji ya serikali, Ruaraka, zilizochorwa kutokana na picha za ndege. Hizi soma ukingoni kwanza. Mwaka wa kuchapishwa ni mmoja, mwaka wa picha ni mwingine, na mto unaouona ni wa siku ya picha. Mstari wa buluu uliokatikakatika ni laga, inayopitisha maji msimu wa mvua tu.

Mzee akiniambia mpaka wa shamba lake ni mto, namuuliza: wa mwaka gani? Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 1989 Tana uliacha njia yake karibu na Hola, na mradi wa umwagiliaji ukakosa maji, mashamba yakakauka.

Vijana wa simu nao wana mtego wao. Karatasi hizo zinatumia mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960, simu inatumia mwingine, WGS84. Ukihamisha namba za mahali kutoka karatasi hadi simu bila kuzigeuza, alama yako itaangukia karibu mita 300 kaskazini mwa mahali penyewe, na kwenye mto wenye kona kama Tana hiyo yatosha kumvusha mtu ng'ambo na shamba lake. Jina la mfumo limechapishwa hapohapo ukingoni, kwa herufi ndogo.