Gharama ya sahani: maana yake na namna ya kuihesabu

Gharama ya sahani ni jumla ya fedha zote zilizoingia katika chakula kimoja mpaka kinapowekwa mbele ya mteja: unga wa bukari (ugali), nyama, sombe (majani ya muhogo), mafuta, chumvi, makala (mkaa) yaliyokipika, na hata sehemu ya kile kilichomwagwa jioni kwa kukosa mlaji. Kodi ya nyumba na mishahara havihesabiwi humo, kwa kuwa hivyo hulipwa hata siku ambayo hakuna aliyeketi mezani. Wenye malewa, yaani mikahawa midogo, wengi hapa Lubumbashi wanaijua vizuri bei ya sokoni na wanaijua bei wanayouzia, lakini hawajawahi kuandika namba iliyo katikati ya hizo mbili. Huuza sahani moja kwa faranga 8,000 kwa sababu jirani anauza 8,000, na mara nyingi jirani naye aliichukua bei hiyo kwa jirani yake.

Kosa kubwa liko kwenye nyama, nami nitakaa hapo. Mama mmoja wa mtaa wa Katuba, ambaye kwake nimekula mchana kwa miaka kadhaa, alikuwa na hakika kabisa ya hesabu yake. Nilimwuliza, “Mama, kilo moja inakutolea sahani ngapi?” Akajibu papo hapo, “Kumi, mwanangu. Gramu mia kila moja.” Siku iliyofuata tuliweka mizani ndogo ya jikoni juu ya meza yake. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe, baada ya kuondolewa vipande vya mfupa na mishipa isiyolika, ilibaki gramu 850. Ikachemshwa mpaka ikalainika, ikachujwa, ikapimwa tena: gramu 600. Mama aliifuta mizani kwa kitambaa akapima mara ya pili, akidhani imekosea, na namba ikawa ile ile. Kilo yake ilikuwa inatoa sahani sita.

Tuseme kilo hiyo ilinunuliwa kwa faranga 18,000. Namba hizi ni za mfano, kila mmoja aweke zake. Anayegawa kwa kumi huamini kwamba nyama ya sahani moja inamgharimu 1,800, kumbe inamgharimu 3,000. Zile 1,200 zilizopotea katika kila sahani hakuziiba mfanyakazi, ingawa naogopa kuna wafanyakazi waliowahi kufukuzwa kwa sababu ya upungufu wa namna hii. Zilitoka na maji na mafuta ambayo moto huyafukuza kutoka kwenye nyama, kwani nyama ya kuchemsha hupoteza kwa kawaida kati ya robo na theluthi ya uzito wake. Samaki mzima hupungua kabla hata ya kufika jikoni, kwa magamba, matumbo na kichwa kama wateja hawakili. Maharagwe makavu na unga huenda kinyume, maana hunywa maji, na kilo moja ya maharagwe hutoka kwenye sufuria ikiwa zaidi ya kilo mbili. Kwa hiyo bei ya kununulia haigawanywi kwa uzito ulionunuliwa sokoni, bali kwa uzito unaofika sahanini.

Vitu vingine vinahesabika haraka. Mfuko wa unga wa kilo 25 ukinunuliwa 40,000, kilo ni 1,600, na bukari la mtu mmoja linalokula gramu 200 za unga mkavu linagharimu 320. Sombe pamoja na mafuta ya mawese na karanga zilizosagwa tuipe 700, na vitunguu, nyanya na chumvi tuvipe 600. Gunia la makala la 40,000 linalodumu siku nne, katika nyumba inayopika sahani 50 kwa siku, linaongeza 200 kwa kila sahani. Jumla ni 4,820.

Bado kuna chakula kisichouzwa. Sahani 50 zikipikwa na 46 zikauzwa, zile nne zilizobaki hazikupikwa bure: faranga 241,000 zilizotumika siku hiyo zinabebwa na sahani 46, na gharama ya kweli ya kila moja inapanda hadi karibu 5,240. Katika bei ya 8,000 zinabaki 2,760 hivi, na ndizo zitakazolipa nyumba, wafanyakazi, maji, umeme unaokuja na kukatika, ushuru, na mwisho kabisa mwenye kazi. Aliyesajiliwa kutoza TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani, aitoe kwanza, kwa kuwa ile asilimia 16 ni mali ya serikali iliyopita mikononi mwake. Kama bei ya 8,000 inaijumuisha, mapato yake halisi kwa sahani ni karibu 6,900 tu.

Vitabu vya biashara ya mikahawa hupenda kusema kwamba chakula kisizidi takriban theluthi moja ya bei ya kuuzia. Ni kipimo kizuri, lakini kimetoka katika miji ambako mishahara na kodi za nyumba ni mizigo mikubwa kuliko chakula chenyewe. Kwa mama anayepikia uani kwake akisaidiwa na binti zake, kukifuata neno kwa neno kungempeleka kwenye bei ya zaidi ya 15,000, ambayo mteja wake, dereva wa teksi au fundi wa karakana, hawezi kuilipa. Kwa maoni yangu mkahawa mdogo unaweza kuishi hata chakula kikichukua nusu ya bei, mradi mwenyewe anajua kwamba ni nusu. Yule mama hakupandisha bei. Alianza kukata nyama mbichi kwa kipimo kabla ya kupika, akaongeza maharagwe upande wa sahani, na akapunguza chakula cha Jumatatu, siku ambayo sufuria zake zilikuwa hazimaliziki.

Kwa anayefikiria kuingia katika mkataba wa faranshizi, yaani kununua haki ya kutumia jina, mapishi na utaratibu wa kampuni nyingine, dhana hii ina uzito zaidi. Ada ya kila mwezi katika mikataba hiyo hukatwa kwa kawaida kwenye mauzo yote, siyo kwenye faida. McDonald's, kwa mfano, ilipandisha ada hiyo kutoka asilimia 4 hadi 5 kwa mikahawa mipya ya Marekani kuanzia Januari 2024. Asilimia 5 inasikika kuwa ndogo, lakini mkahawa unaobakiwa na asilimia 10 baada ya gharama nyingine zote hupoteza nusu ya faida yake hapo. Tena mwenye jina ndiye anayeamua mara nyingi viungo, uzito wa kila kipande na hata muuzaji wa kununua kwake, hivyo njia alizozitumia mama wa Katuba kupunguza gharama zimefungwa tangu siku ya kutia sahihi. Kabla ya sahihi hiyo, ni vyema kuomba kadi za mapishi, au angalau orodha ya vipimo, na kuzihesabu upya kwa bei za masoko ya hapa, kwa sababu hesabu iliyofanywa Johannesburg haijui bei ya mafuta ya kupikia yaliyovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa.

Na bei hizo hazitulii. Sehemu kubwa ya mahindi tunayokula katika jimbo letu la Haut-Katanga hutoka Zambia. Ukame ulioipata nchi hiyo mwaka 2024 uligusa unga wetu, na Agosti ya mwaka huo huo, mpaka huo ulipofungwa kwa siku chache, malori yalisimama. Isitoshe, wauzaji wa jumla wengi hutaja bei kwa dola, na mteja hulipa kwa faranga. Ndiyo maana kadi ya gharama ya sahani, hata ikiwa ni ukurasa wa daftari la shule lililotundikwa karibu na jiko, iandikwe juu yake tarehe na kiwango cha dola cha siku hiyo. Unga, nyama au mafuta vikipanda, hakuna haja ya kuanza upya: mstari mmoja unafutwa, unaandikwa mwingine, na jumla inahesabiwa tena kabla ya soko la kesho.