Shule Isiyochagua Mtoto

Kila matokeo ya mitihani ya taifa yanapotoka, gumzo la wazazi huwa ni lile lile: shule za binafsi zimeongoza, za serikali zimeburuza mkia. Ulinganisho huo una kasoro kubwa. Shule nyingi za binafsi humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea, na zipo zinazomtaka asiyefikia wastani arudie darasa au ahame kabla ya mwaka wa mtihani. Shule ya msingi ya mtaani kwenu haichuji. Mtoto aliyefikia umri wa kuanza anaandikishwa, awe wa mama lishe au wa mkurugenzi, ajue kusoma au asijue hata kushika penseli. Shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam inafundisha wasioona pamoja na wanaoona. Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) lilipoacha kutangaza shule kumi bora, wengi walilalamika. Mimi nilifarijika, kwa kuwa orodha ile haikuonyesha nani alikataliwa getini.

Kuna kazi nyingine ya shule ya umma ambayo hakuna mtihani unaoipima. Wakati wa ukoloni watoto wa Tanganyika walitenganishwa kwa rangi: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Utaratibu huo ulifutwa mwaka 1962, kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaipa serikali mamlaka ya kutwaa shule zilizokuwa chini ya mashirika ya dini na jumuiya mbalimbali. Tangu hapo kijana wa Bukoba aliweza kuchaguliwa kwenda Tabora, wa Mtwara akapangiwa sekondari ya Ilboru, Arusha. Walilala bweni moja, wakala ugali na maharage ya sufuria moja, wakataniana kwa makabila yao bila chuki. Undugu tunaojivunia kama taifa ulijengwa kwa sehemu kubwa mabwenini humo.

Sekondari za kata, zilizoenea kwa kasi kuanzia mwaka 2006, zimewapa nafasi maelfu ya watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba. Hilo ni jambo kubwa sana. Lakini nyingi ni za kutwa: mwanafunzi anasoma na jirani zake, na jirani mwenye uwezo mwanawe keshapanda basi la njano alfajiri. Mgawanyiko wa leo ni wa kipato.

Siwalaumu wazazi wanaochagua shule za binafsi. Serikali ilipokuwa na sekondari chache, makanisa, taasisi za Kiislamu na wananchi wenyewe, hasa Kilimanjaro, ndio waliojenga, hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 sekondari za binafsi zikawa zimezidi za serikali kwa idadi. Zilibeba mzigo ambao umma haukuweza kuubeba. Mzazi anayekwepa darasa la watoto zaidi ya mia moja ana sababu.

Kinachonisumbua ni kwamba wanapoondoka watoto, huondoka pia wazazi wenye sauti. Ada ilifutwa kwa shule za msingi miaka ya 2000 mwanzoni, na hadi kidato cha nne mwaka 2016. Mahali pa ada pana ruzuku: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Kiasi hicho kidogo kinahitaji kamati ya shule yenye watu wanaoweza kusoma hesabu, kuhoji, na kufuatilia halmashauri bila woga. Wengi wa watu hao sasa huhudhuria vikao vya shule nyingine.

Mapato na matumizi ya ruzuku yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Hata kama mwanao anasoma kwingine, shule hiyo inaendeshwa kwa kodi yako, kwa hiyo pita uyasome. Kisha kwenye mkutano wa mtaa au kijiji uliza matundu ya vyoo yako mangapi kwa wasichana wangapi, na mwalimu wa hisabati aliyehamishwa nafasi yake imejazwa lini.