Kiolezo cha Blogu Kipimwe kwa Kiswahili Chako na kwa Simu ya Msomaji

Kiolezo (theme) ni mpangilio na mwonekano wa blogu ulioandaliwa tayari, na ukurasa wake wa maonesho (demo) hutengenezwa ili kiuzike. Vichwa vya habari ni vya Kiingereza, maneno mafupi mafupi, picha zote zina kipimo kimoja, na mtazamaji yuko mbele ya kompyuta yenye intaneti ya kasi. Blogu ya mapishi ya Unguja au ya habari za Pemba haina hata kimoja katika hivyo. Kwa hiyo kila anayeniuliza achukue kiolezo gani, humwambia asichague kwa kutazama maonesho. Aweke makala zake mwenyewe ndani ya kiolezo, kisha akifungue kwa simu ya bei ya kawaida, kwa bando, akiwa nje juani.

Nitazungumzia zaidi Blogger, huduma ya Google ya kuandikia blogu, kwa kuwa ni ya bure na ndipo wengi wetu tunapoanzia. WordPress, mfumo mwingine wa blogu, nitaigusa panapokuwa na tofauti. Majina ya vitufe nayaacha kwa Kiingereza ili uyapate kwenye skrini.

Anza na blogu ya majaribio. Akaunti moja ya Blogger inaruhusu hadi blogu 100, basi fungua ya pili, ingia Settings na uzime "Visible to search engines" ili Google isione makala zilezile mara mbili. Rudi kwenye blogu yako halisi, Settings, "Back up content", upakue faili la makala. Faili hilo liingize kwenye blogu ya majaribio kwa "Import content", ukiwa umewasha chaguo la kuchapisha makala zote zinazoingizwa, la sivyo zitabaki rasimu. Sasa una uwanja wa kuchezea: kila kiolezo unachokitamani kipakie huku, na wasomaji wako hawatajua lolote.

Jaribio la kwanza ni kichwa cha habari. Andika kimoja kirefu, cha kweli, mfano "Wanaoshughulikia Karafuu Wete Watakiwa Kutozianika Barabarani". Neno "Wanaoshughulikia" lina herufi 16. Kiolezo kikiwa kimepanga vichwa vya pikseli 40 kwa herufi nene, neno hilo peke yake linakaribia pikseli 350. Simu nyingi, kwa vipimo vya kurasa za wavuti, zina upana wa pikseli 360, na ukitoa nafasi ya pembeni ya pikseli 16 kila upande unabaki na 328. Neno halienei. Litatokeza nje ya skrini na ukurasa mzima utaanza kuyumba kushoto na kulia kila msomaji anapouteremsha. Mwenye kiolezo hakuliona tatizo hilo, maana maneno aliyojaribia ni mafupi. Dawa yake ni fupi: Theme, Customize, Advanced, Add CSS (CSS ni maelekezo ya mwonekano wa ukurasa), halafu:

.post-title{font-size:26px;line-height:1.25;overflow-wrap:break-word;hyphens:manual}

Hilo neno la mwisho, hyphens:manual, usiliache. Vivinjari vinavyotumika sana havina kamusi ya kukatia maneno ya Kiswahili. Violezo vingi vimeandikwa hyphens:auto huku ukurasa ukijitambulisha kuwa ni wa Kiingereza, basi kivinjari hukata Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza na kukupa "wanaosh-" juu, "ughulikia" chini. Msomaji wa Kiswahili hukwama hapo hata kama hajui kilichomkwamisha.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi maandishi yaliyonyooshwa pande zote mbili kwenye simu. Mstari wa simu hubeba takriban herufi 40. Maneno yetu ni marefu na hayakatwi, kwa hiyo kivinjari hujaza mstari kwa kutanua nafasi, na katikati ya aya hutokea mapengo makubwa meupe. Gazeti la karatasi hulimudu hilo kwa kukata maneno kwa mkono, simu hailimudu. Tafuta text-align:justify ndani ya kiolezo, weka left.

Sasa uzito. Kiolezo chenye picha tano zinazopishana juu ya ukurasa huvutia sana, lakini zote tano hupakiwa hata msomaji akitazama moja tu. Ukurasa wa megabaiti 4 kwenye mtandao wa megabiti 1 kwa sekunde huchukua sekunde 32 kufunguka wote. Wa kilobaiti 400 huchukua kama sekunde 3. Google huhesabu kuwa ukurasa ni mzuri pale kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kinapoonekana ndani ya sekunde 2.5. Weka anwani ya blogu ya majaribio kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi ya kurasa, soma sehemu ya simu, na uiache ile ya kompyuta. Tazama pia kipimo kiitwacho CLS, kinachoonesha ukurasa unavyorukaruka wakati unapakia: kisizidi 0.1. Kikizidi, mara nyingi ni picha zilizowekwa bila upana na urefu, au tangazo lililojipenyeza juu ya maandishi.

Sehemu ya uzito huo si kosa la kiolezo. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na megabaiti 3 au zaidi. Ipunguze iwe pikseli 1200 na isizidi kilobaiti 150 kabla ya kuipandisha; sahani ya urojo itaonekana vilevile. Ukurasa wa mbele upunguzie makala, ziwe 6 au 7, na kila makala iwekee mkato wa "Jump break" ili ukurasa wa mbele usibebe makala nzima.

Zipo aina mbili za maudhui ambazo kwetu ni za kila siku na violezo vya nje havikuziwazia. Ya kwanza ni jedwali. Ratiba ya sala ya Ramadhani ina safu sita: tarehe, Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi na Isha. Kwenye simu, safu ya Isha hukatwa, na hiyo ni moja ya safu ambazo mtu alizifuata. Usipunguze herufi mpaka zisisomeke. Zungushia jedwali hivi, ili lenyewe ndilo liburutwe kwa kidole na ukurasa utulie:

<div style="overflow-x:auto"> jedwali lako hapa </div>

Ratiba za boti za Unguja na Pemba, bei za vyumba, matokeo ya mpira, yote yanakwenda kwa njia hiyo.

Ya pili ni maandishi ya Kiarabu. Blogu nyingi za kwetu zina aya za Qur'ani, hadithi za Mtume au dua, na kiolezo kisicho na fonti ya Kiarabu hukabidhi kazi hiyo kwa simu ya msomaji, kila simu kwa namna yake. Mimi hutumia Amiri au Noto Naskh Arabic, zote za bure kwenye Google Fonts. Harakati, yaani alama za irabu za Kiarabu, zinahitaji nafasi juu na chini, kwa hiyo mistari lazima iachane kuliko ya Kiswahili, na letter-spacing (nafasi kati ya herufi) lazima iwe sifuri. Violezo vinavyopenda kuachanisha herufi ili zipendeze huzitenganisha herufi za Kiarabu zinazotakiwa kushikana. Weka hii kwenye CSS:

.aya{font-family:Amiri,serif;font-size:1.5em;line-height:2;letter-spacing:0}

Kisha kila penye Kiarabu, kwenye HTML ya makala (msimbo wake), andika <p class="aya" lang="ar" dir="rtl">. Ukisahau dir="rtl", maneno yatasomeka, ila nukta na mabano yatahamia upande usio wake. Katika aya ya Qur'ani hilo halivumiliki, basi likague kwa jicho la mwenye kujua kusoma.

Kwenye rangi nitapita haraka. Kosa kubwa ni moja: kijivu hafifu juu ya weupe. Miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayohusu kurasa kusomeka na watu wote, inataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Kijivu cha #999999 juu ya nyeupe kina 2.85 tu, cha #767676 ndicho kinachofika kwa shida. Ndani ya ofisi vyote viwili vinasomeka. Toka nacho cha kwanza Darajani saa saba mchana, hutaona kitu. Maandishi ya makala yawe #222222 na saizi isipungue pikseli 17, rangi moja ya viungo (links), basi.

Mabadiliko makubwa hufanywa kwenye "Edit HTML", na hapa ndipo watu wanapoogopa. Kabla ya kugusa: Theme, kishale kilicho pembeni ya Customize, Backup. Faili linalopakuliwa ni la kiolezo peke yake, makala hazimo, kwa hiyo usilihesabu kuwa hifadhi ya blogu. Lipe jina lenye tarehe.

Kiolezo cha Blogger ni faili la XML, msimbo wenye kanuni kali, na XML haisamehi makosa kama HTML. Makosa matatu ndiyo yanayojirudia. Ukibandika kiungo cha Google Fonts kinacholeta fonti kwenye ukurasa, chenye alama ya & ndani yake, kwa mfano family=Amiri&display=swap, Blogger hukataa kuhifadhi na kulalamika kuhusu "entity". Andika &amp; badala ya & tupu na itakubali. Ukibandika msimbo wa matangazo wenye neno async peke yake, itakwambia neno hilo lifuatwe na alama ya =; andika async='async'. La tatu ni </div> iliyofutwa kwa bahati mbaya pamoja na kitu ulichotaka kukiondoa. Ujumbe wa kosa hutaja tegi (alama ya msimbo kama hiyo) iliyokosa kufungwa, lakini mara nyingi kosa lenyewe liko juu zaidi ya hapo. Fanya badiliko moja, hifadhi, tazama simu, ndipo ufanye jingine. Anayebadili mambo kumi kwa pamoja hatajua lipi limemharibia.

Kutafuta ndani ya msimbo, bofya kwanza ndani ya kisanduku chenyewe, halafu Ctrl+F. Ukibonyeza ukiwa nje yake, kivinjari kitatafuta sehemu inayoonekana tu na utadhani neno halimo.

Utafutaji huo utauhitaji kwa lugha. Ukiweka lugha ya blogu kuwa Kiswahili kwenye Settings, violezo vya Blogger wenyewe hufuata. Vya watu wengine mara nyingi vimeandikwa "Read More", "Home" na "Related Posts" moja kwa moja, na mpangilio wa lugha hauvigusi. Vitafute kimoja kimoja, viwe "Endelea kusoma", "Mwanzo", "Makala zinazohusiana". Badilisha maneno yaliyo kati ya alama > na < tu. Neno hilohilo likiwa ndani ya class au id, yaani majina yanayotumiwa na msimbo wenyewe, liache. Ukilitafsiri hapo utavunja mpangilio wake.

Na usisahau saa. Blogu mpya inaweza kuwa imepangiwa saa za Pacific, Marekani. Makala uliyoichapisha Zanzibar saa tatu asubuhi itabeba tarehe ya jana. Kwenye Settings chagua saa za Afrika Mashariki, GMT+03:00, kabla ya kuanza kuchapisha.

Kuhusu violezo vya bure kutoka tovuti mbalimbali, tahadhari. Vingi huweka jina la mtengenezaji chini ya ukurasa pamoja na msimbo uliofichwa unaolichunga jina hilo. Ukilifuta, msimbo unampeleka msomaji wako kwenye tovuti ya mtengenezaji. Mwenye blogu hudhani amedukuliwa. Ama liache jina lake, maana kazi ni yake, ama nunua toleo linaloruhusu kuliondoa. Kwa WordPress hatari ni kubwa zaidi: kiolezo cha kulipia kinachogawiwa bure mitaani kinaweza kubeba mlango wa nyuma, yaani msimbo wa siri wa kuingilia tovuti yako. Ukiona eval(base64_decode(, dalili ya msimbo uliofichwa, ndani ya faili zake, usikipandishe kwenye seva. Vipo vya bure vilivyokaguliwa kwenye hazina ya wordpress.org, na GeneratePress, Astra au Kadence vinatosha kwa blogu yoyote ya kawaida.

Wa WordPress pia wajue hili: ukihariri faili za kiolezo chenyewe, sasisho litakalofuata litafuta kazi yako yote. Tengeneza kiolezo mtoto. Ni folda yenye style.css, na juu yake mistari ya Theme Name na Template, ambapo Template ni jina la folda ya kiolezo mzazi, herufi kwa herufi. Ukikosea herufi kubwa na ndogo, seva haitamwona mzazi. Kwa violezo vya bloku (block themes, ambavyo kila sehemu ya ukurasa huhaririwa kwenye skrini), vilivyoingia na toleo la 5.9 mwaka 2022, mengi utayamaliza ndani ya Appearance, Editor, bila kugusa faili.

Kiolezo kikishapita majaribio, kihamishe kwenye blogu halisi usiku, wasomaji wakiwa wachache, kisha fungua kurasa tano kwa simu: wa mbele, makala moja ndefu, ukurasa wa lebo, utafutaji wa neno lisilokuwepo, na anwani uliyoiandika kwa makusudi vibaya. Hizo mbili za mwisho hazioneshwi kwenye maonesho, na ndizo zinazobaki kwa Kiingereza au zikiwa tupu kabisa. Faili la kiolezo cha zamani liweke angalau mwezi mmoja, pamoja na nakala ya msimbo wa kila wijeti (kisanduku cha pembeni au chini ya ukurasa) uliyoiandika kwa mkono, kwani kiolezo kipya kisipokuwa na nafasi yenye jina lilelile, Blogger itakuuliza kama wijeti hizo zifutwe.